Tulivyosajili LPA ya mama Uingereza

Mama yangu anaishi Leicester, ana miaka 74 na akili zake timamu. Ndiyo maana nilimsukuma tuandikishe mapema hati ya uwakilishi, ile wanayoiita LPA (Lasting Power of Attorney), inayompa mtu mamlaka ya kuamua kwa niaba yako. Sheria ya uwezo wa akili ya mwaka 2005 (Mental Capacity Act) inataka anayetoa mamlaka awe anaelewa anachokisaini. Mzee akishapoteza uwezo huo wa kuelewa, mlango huo umefungwa, mnaenda mahakamani, na huko ni ghali na kunachosha.

Hati ziko mbili: ya fedha na mali, na ya afya. Fomu tulizijaza kwenye tovuti ya serikali, lakini sahihi ni za wino na zina foleni yake. Mama kwanza, mbele ya shahidi asiyekuwa mimi wala mdogo wangu, maana sisi ndio tulioteuliwa. Halafu mthibitishaji, yule anayehakikisha kwamba mama anaelewa na halazimishwi. Sisi mwisho. Tarehe zisipofuata foleni hiyo, usajili unaweza kukwama.

Mthibitishaji asiwe wa familia, na kama si mtaalamu, awe amemjua mama angalau miaka miwili. Tulimwomba jirani, nesi mstaafu. Alitutoa jikoni, akabaki na mama wawili tu, amuulize kama kuna aliyemlazimisha. Mdogo wangu alinuna. Mimi nilifurahi.

Kilichotuweka sana ni ukurasa mmoja wa hati ya afya: matibabu ya kumweka mtu hai yaamuliwe na watoto au na madaktari? Visanduku viwili, asaini kimoja. Mama akaweka kalamu chini.

"Mwanangu, hili si nimeshamwachia Mungu?"

"Ndiyo, mama, lakini daktari atataka mtu wa kumuuliza."

Akaagiza chai kwanza. Alipomaliza kikombe, akatuchagua sisi.

Tulizipeleka kwa posta Office of the Public Guardian, ofisi ya serikali inayosajili hati hizi, Birmingham. Ada wakati huo ilikuwa pauni 82 kila hati, na mwenye kipato chini ya pauni 12,000 kwa mwaka huomba alipe nusu, kama mama. Kuna wiki nne za kungojea pingamizi, lakini jumla ilipita miezi miwili. Zilirudi zimetobolewa vitundu vinavyosomeka VALIDATED-OPG, ndiyo alama ya usajili. Ile ya fedha tunaitumia kwa ridhaa yake hata sasa; ya afya haifanyi kazi mpaka ashindwe kuamua mwenyewe.

Kiwanja cha mama kilichoko Mombasa hakimo. LPA ni ya England na Wales, kwa hiyo mama amemtafuta wakili wa huko amwandikie hati nyingine, isajiliwe kwenye ofisi ya ardhi ya Kenya.