Kopo la shea na harusi ya Wete

Mwaka 2017 nilikuwa nasoma Dar na chumbani nakaa na Mganda mmoja wa Lira, mtoto mpole hana makuu, ila nywele zake wallahi zilikuwa zinantesa roho. Nyeusi, laini, ukizishika utasema pamba ilochambuliwa, na dawa hajatia hata siku moja. Mimi wakati ule ndo nina miezi 8 tangu nikate nywele zangu zote zilokuwa na dawa, nimebaki na kipilipili cha vidole vinne, kikavu kama makumbi ya nazi, kitana kikipita unaskia krrr halafu meno mawili yanabaki humo humo kichwani.

Siri yake ilikuwa kopo. Kopo la maziwa ya unga la kawaida tu, ndani mna mafuta rangi ya manjano mpauko yana harufu ya moshi na kama karanga zilizoungua kidogo. Bibi yake ndo anamtumia kutoka kwao. Kwao wanayaita moo yao, ndo hii shea ambayo siku hizi kila mtu anaitaja. Akanambia mti wake haupandwi, unaota wenyewe tu mashambani huko kaskazini ya Uganda, na unaweza kupita miaka 15 na zaidi kabla haujakupa tunda la kwanza (na sie tunaulalamikia mkarafuu!), basi tunda likianguka wanawake wanaokota, nyama yake wanakula, kokwa wanaanika, wanapasua, wanakaanga, wanatwanga, wanasaga, halafu wanachemsha na maji mpaka mafuta yaelee juu wayaengue. Nkamwambia mbona hiyo ni kazi ya mafuta ya nazi tu, tofauti sie tunakuna na tunakamua tui. Akacheka. Akasema yale ya Afrika Magharibi, Ghana na Burkina Faso huko, ni magumu, ya kwao ni laini zaidi, joto la mkono tu linayayeyusha.

Kumbe hapo kwenye kuyeyuka ndo ningesikiliza vizuri.

Mwezi wa 12 ikafika harusi ya dada yangu wa kwa khalati, Wete. Rumeti wangu akanijazia kopo zima, akalizungushia selotepu, akanambia maneno mawili matatu kuhusu jinsi ya kutumia na mimi huku nafunga begi naitikia "ee, ee" bila kuskia chochote. Nilichokuwa nawaza ni ukumbini, wanawake watupu, mitandio imevuliwa, na mabinti wote wa Pemba wana nywele mpaka mgongoni halafu mie na kipilipili changu. Lazima nywele ziwake.

Boti Dar mpaka Unguja, nikalala kwa ami Kikwajuni, kesho yake meli ya Pemba. Begi lilikaa juani kutwa kabla ya kupakiwa, na kaskazi ile unaijua, jua linapiga mpaka bati linalia. Nilipofika nyumbani na kufungua, kanga mbili zimelowa mafuta, na kopo lilobaki kama robo tatu si lile tena. Yalikuwa yameyeyuka yakaganda upya, sasa yana chengachenga kama semolina. Nkajua yameharibika. Nilikaa kitandani nataka kulia kwa kweli. (Hayajaharibika, nilikuja kujua baadae. Mafuta hayo yana sehemu zinazoganda mapema na sehemu zinazochelewa, yakipoa taratibu kila moja inajitenga kivyake, unayeyusha yote upya unayatia kwenye friji haraka basi yanarudi laini. Lakini mie siku ile nani wa kunambia.)

Nkasema liwalo na liwe. Nilikuwa nimeoga baharini asubuhi na wenzangu, kichwa kimekauka na chumvi yake, nikachota shea kwa vidole vitatu nikabandika. Nikachota tena. Nywele zikawa zinameza mwanzo halafu zikakataa, zikaanza kushikana mafundo mafundo, zile chenga zimeganda kwenye ncha kama mayai ya chawa, astaghfirullah, na ndani ukizigusa bado KAVU. Yani juu mafuta yanatiririka mpaka shingoni na ndani makumbi yale yale. Na ile harufu ya moshi. Mdogo wangu akaingia, akanusa, akatoka mbio kwenda kutizama jikoni kama kuna kinachoungua.

Akarudi na bibi.

Bibi yangu alikuwa hasemi mara moja. Anakutizama kwanza, anakaa, anavuta mkeka, ndo anasema. Akanambia, "Mke mwenzangu, nani kakupaka gundi?" Nikamueleza yote, Lira, moo yao, miaka 15, kokwa. Akachukua kidogo kwenye kopo akasugua viganjani, akanusa, akapaka mkononi kwake, akatikisa kichwa kama mtu anaepima karafuu. Akasema, "Mafuta mazuri haya. Mwenye kupaka ndo hana akili."

Halafu akanuliza swali ambalo mpaka leo nikisimama mbele ya kioo naliskia. "Nywele ulizitia maji?" Nkamwambia hapana bibi, si nimetia mafuta ili zilainike. "Mafuta hayanyweshi. Mafuta ni kawa. Sasa ukifunikia kawa sinia tupu, watu watakula nini?"

Ndo basi. Rumeti alikuwa ananiambia hilo hilo siku nafunga begi, nilikuja kumuuliza akanithibitishia, kwamba unaroanisha kwanza, maji ndo yanalainisha, shea inakuja juu kuyazuia yasitoke. Na kidogo sana. Mimi nimefungia ukavu ndani na chumvi yake, nimepiga na lakiri.

Kutoa yale mafuta ilikuwa kazi. Bibi akatuma mtoto akakate majani ya mkunazi nyuma ya nyumba, akayatwanga kwenye kinu, akayapiga na maji ya uvuguvugu mpaka yakatoa povu. Mie roho ikaruka, nkamwambia bibi mkunazi si wanaoshewa maiti, akanambia na kwa nywele hizi ndo kusema we mzima? Nikainama uani kwenye karai. Alinisugua mara tatu, vidole vyake vigumu vile vya kuchambua karafuu miaka yote, na pale uani majamvi ya karafuu yameanikwa mpaka mlangoni, msimu wa vuli ulikuwa haujesha, basi harufu ya karafuu na moshi wa shea na mkunazi, zimechanganyika kichwani mwangu na sijui hata niielezeje.

Mara ya tatu nywele zikawa safi, zinadondoka maji. Akanikausha kwa kanga kwa kubinya tu, hasugui, akaniacha na umaji maji. Akachota shea punje ya kunde. Kunde moja! Akaisugua viganjani mpaka zile chenga zote zikapotea ikawa mafuta matupu, akapitisha fungu moja moja kutoka ncha kuja juu, ikisha kunde nyengine upande wa pili, ndo akaanza kunisuka twende kilioni. Kichwa kizima alitumia labda kijiko cha chai. Mie nilikuwa nshamaliza theluthi ya kopo.

Nilikuwa nasinzia mapajani kwake wakati khalati alipopita na kopo. Nilimuona, nakumbuka nilimuona, ila usingizi.

Jioni nyumba imejaa wageni, wanawake wa Konde wameshuka, wa Chake wameshuka, khalati yuko jikoni na wenzake wanasukuma chapati za watu sitini. Zikaletwa sinia. Nikamega moja nikatia mdomoni, na kabla sijatafuna nikaijua ile harufu. Moshi. Karanga zilizoungua. Nikageuka nikamtizama bibi, bibi nae anatafuna taratibu kanitizama mimi, hakuna alosema kitu.

Nikaenda jikoni mbio. Khalati ananambia samli uloleta kutoka Dar nzuri lakini mbona imekaa moshi moshi, mwenye duka kakupunja, ungenunua ya hapa hapa. Kopo liko pembeni ya tawa, limebaki robo.

Nilimpigia rumeti nikiwa uani nanong'ona, namuuliza watu watakufa? Alicheka mpaka simu ikakatika. Alipopiga tena akanambia kwao wanapikia siku zote, wanatia kwenye mboga za majani, yeye kakulia hayo hayo, tuleni tu mshibe. Nikapumua. Sikumwambia mtu yoyote, chapati zikesha zote, na bi mmoja wa Konde aliomba apewe mbili za kuchukua njiani.

Kesho yake ukumbini nikafumua. Sitosema zilikuwa mpaka mgongoni, zilikuwa vidole vinne vile vile, lakini zimejikunja mawimbi mawimbi, zinang'aa, nikizibonyeza zinarudi. Bi harusi mwenyewe alinita pembeni kuniuliza nimetia dawa gani. Siku ya tatu bado laini, nilikuwa nazinyunyizia maji ya mrashi tu asubuhi.

Siku ya kuondoka nikatafuta kopo langu nirudi nalo, ile robo ilobaki. Jikoni halipo. Uani halipo. Nikamuuliza khalati, akaapa. Nikaingia kwa bibi kumuaga, kakaa kitandani kanyoosha miguu, na zile nyufa za visigino vyake nilizozijua tangu utotoni zinang'aa zote. Nikatizama visigino, nikamtizama yeye.

"Huyo rafiki yako," akasema, "kwao anakwenda tena lini?"