Kitengo kimoja, tafiti nyingi

Hospitalini, kila utafiti wa kitabibu ukiwa na friji yake, muuguzi wake na kabati lake la fomu, makosa huzaana. Kitengo cha pamoja hupunguza hayo, mradi kianze na fomu ya ridhaa, ambayo mshiriki husaini kukubali kushiriki: kamati ya maadili ikiidhinisha toleo jipya, nakala za zamani ziondolewe vyumbani siku hiyohiyo. Mshiriki akisaini toleo lililopitwa, huo ni ukiukaji wa kuripotiwa, hata kama tofauti ni sentensi moja.

Maabara ndiko mambo huharibikia kimyakimya. Damu ya kupata seramu (majimaji yanayobaki damu ikiganda) iachwe wima igande dakika 30 hadi 60 kabla ya kuzungushwa kwa mashine ya kutenganisha. Ukiharakisha, nyuzinyuzi za fibrini, protini ya kugandisha damu, hubaki ndani na kuziba mashine ya vipimo. Ukichelewa, chembe hula glukosi na kuvujisha potasiamu, na majibu yatamsingizia mshiriki ugonjwa asio nao. Andika saa ya kutoa damu, kuzungusha na kuweka sampuli kwenye friza, na saa za vyumba vyote zilingane (hili hudharauliwa mno). Lebo ibandikwe mbele ya mshiriki, ikiwa na namba ya utafiti, si jina. Lebo za kawaida hubanduka kwenye friza ya nyuzi joto -80.

Dawa za kuhifadhiwa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8 zikipata joto zaidi, zitengwe zikiwa baridini. Zisitumike wala kutupwa hadi mdhamini wa utafiti ajibu. Orodha ya nani kapangiwa dawa ipi ikae famasia, kamwe si kwa anayempima mgonjwa.