Vizibo vitano na topido ya saba

Tarehe 12 Februari 2014 iliangukia Jumatano. Saa nane mchana nilikuwa nimepiga magoti kwenye sakafu ya ukumbi mmoja hapa Mombasa, chaki mkononi, nachora msafara wa meli KR 8 wa Vita vya Pili vya Dunia kwa ajili ya vijana kumi na wawili waliokuwa wakijifunza ubaharia. Sentimita moja ilisimama badala ya mita kumi. Vizibo vitano vya soda vilikuwa meli za abiria: Khedive Ismail, City of Paris, Varsova, Ekma na Ellenga. Viberiti viwili vilikuwa manowari za kusindikiza, HMS Petard na HMS Paladin, na kopo la maziwa lilikuwa kruza HMS Hawkins. Kando niliweka bakuli la punje za mahindi, 214, ambazo nilizihesabu mara mbili nyumbani usiku wa kuamkia siku hiyo.

Nilichagua siku hiyo kwa sababu ilitimia miaka 70 kamili tangu Khedive Ismail izamishwe na nyambizi ya Wajapani, na mahali hapo kwa sababu msafara wenyewe ulitoka Kilindini, mwendo mfupi tu kutoka tulipokaa. Baada ya Wajapani kuishambulia Ceylon, Sri Lanka ya leo, mwezi wa Aprili 1942, kundi la manowari za Waingereza za Bahari ya Hindi lilihamia Kilindini, na wavunja misimbo wao wakapewa shule ya Allidina Visram, hapa hapa mjini, wasikilize mawasiliano ya Wajapani. Mwanzoni mwa 1944 manowari zilikuwa zimeanza kurudi Ceylon, na vikosi vya Afrika Mashariki vilikuwa vikipelekwa huko huko kabla ya kuingia Burma. Khedive Ismail, meli ya tani 7,513 iliyojengwa Scotland mwaka 1922 kwa ajili ya Wachile, ilibeba watu 1,511. Kati yao 996 walikuwa wa Kikosi cha 301 cha mizinga ya Afrika Mashariki. Wengine walikuwa mabaharia wa meli, wanamaji wa Uingereza, na wanawake zaidi ya themanini, wengi wao wauguzi.

Vijana walitaka kuanza na mlipuko. Nikawazuia. Nilianza na kiberiti kimoja, Petard, kwa kuwa asiyejua meli hiyo ilikotoka hataelewa ilichofanya mchana ule.

Petard ilijengwa mtoni Tyne, ikaingia kazini Juni 1942. Ilikuwa manowari nyepesi yenye mwendo wa noti (maili za baharini kwa saa) zaidi ya 36, mizinga ya inchi 4, mirija minane ya kufyatulia topido, yaani mabomu yanayojiendesha majini, na mapipa ya baruti ambayo mabaharia huyaita mabomu ya kina. Usiku wa 30 Oktoba 1942, mashariki mwa Mediterania, pamoja na manowari nyingine iliiwinda nyambizi ya Wajerumani U-559 kwa muda wa saa kumi hivi. Tatizo lilikuwa kina. Nyambizi ilishuka chini kuliko mabomu yalivyoweza kupangwa. Bomu la kina hulipuliwa na shinikizo la maji: maji huingia kupitia tundu dogo, yakijaa husukuma kilipuzi. Tundu likiwa kubwa bomu hulipuka juu, likiwa dogo hulipuka chini. Mabaharia wa Petard wakachukua vipande vya sabuni, wakavibana kwenye matundu ili maji yachelewe kuingia. Mabomu yakashuka zaidi ya kipimo cha mwisho. Nyambizi ikaibuka.

Vijana walicheka kusikia sabuni. Mmoja akauliza kama ilikuwa ya kipande au ya unga, na swali halikuwa la kijinga hata kidogo. Ya unga ingeoshwa papo hapo.

Luteni Fasson na baharia Grazier waliingia ndani ya U-559 ilipokuwa ikizama, wakatoa vitabu vya misimbo, na Tommy Brown, mhudumu wa kantini aliyekuwa na miaka 16, akavipandisha juu. Wawili wa kwanza walizama nayo. Vitabu viliwezesha Bletchley Park, kituo cha wavunja misimbo huko Uingereza, tarehe 13 Desemba 1942, kuanza tena kusoma ujumbe wa nyambizi za Wajerumani baada ya miezi kumi ya giza. Siku mbili baadaye, kusini mwa Malta, Petard na manowari ya Wagiriki Vasilissa Olga waliikamata nyambizi ya Waitaliano, Uarsciek, ambayo Petard iliipamia kwa omo, yaani sehemu yake ya mbele. Kwa hiyo Februari 1944 meli hii ilikuwa imekwisha kuzamisha nyambizi za mataifa mawili. Ya tatu ilikuwa ikiisubiri karibu na Maldivi.

Hapo ndipo nilipowarudisha sakafuni.

Niliwauliza: una meli tano za kulinda na una wawindaji wawili tu, utawaweka wapi? Hawkins sikuihesabu. Ilikuwa kruza kubwa ya 1919, yenye mizinga mizito ya kupigana na meli za juu. Mbele ya nyambizi ni shabaha nyingine tu, na shabaha nono. Vijana wengi walisema mmoja mbele, mmoja nyuma. Ndivyo mtu anavyolinda ng'ombe njiani, lakini baharini hesabu ni nyingine. Nyambizi ya aina ya I-27, ile ya Wajapani iliyokuwa ikiwasubiri, ikiwa juu ya maji hukimbia noti 23, ila ikizama haizidi noti nane, na kwa muda mfupi tu kabla betri hazijakwisha. Msafara wenye mwendo wa noti 13 hauwezi kufuatwa kutoka nyuma na nyambizi iliyozama. Hatari iko mbele, pembe zote mbili za omo. Ukiwa na wawindaji wawili unawaweka huko, na ubavu unabaki wazi. Si uzembe. Wawindaji hawatoshi.

Tena kuna sikio la meli, asdiki kama walivyoiita wakati ule. Hutuma sauti majini na kungoja mwangwi. Siku nzuri husikia mita elfu mbili hivi. Manowari ikipita noti 18 au 20, kelele ya mwendo wake yenyewe hulifunika sikio hilo. Na saa nane mchana, Februari, karibu na ikweta, kaskazi imepoa na bahari imetulia, ni saa mbaya kabisa. Jua hupasha moto maji ya juu, ya chini yanabaki baridi, na sauti ikipita hapo hupinda kuelekea chini. Asubuhi unaweza kusikia mbali. Mchana, bahari ile ile, chombo kile kile, umbali unapungua nusu au zaidi. Wavuvi wetu husema bahari tulivu ni rafiki. Kwa msikilizaji wa asdiki bahari tulivu yenye jua ni pazia.

Saa nane na nusu nilimpa mmoja saa ya kupimia sekunde. I-27, chini ya kamanda Fukumura, ilikuwa upande wa kushoto wa msafara. Mlinzi wa zamu kwenye Khedive Ismail aliiona darubini yake, wapiga mizinga wakaanza kufyatua, lakini topido nne zilikuwa tayari majini. Topido ya Wajapani ilitumia oksijeni safi badala ya hewa, kwa hiyo iliacha mkia hafifu wa mapovu na ilikimbia zaidi ya noti 45. Hiyo ni mita 23 kwa sekunde. Kutoka mita 1,500 inachukua dakika moja na sekunde tano. Meli ya urefu wa mita 129 ikiwa kwenye noti 13 husogea urefu wake mzima kwa sekunde 20, ila kuigeuza ni jambo jingine: usukani unapinda sasa, mwili unatii baadaye. Mbili ziligonga. Chumba cha boila kililipuka, meli ikakatika vipande viwili. Haikufika dakika tatu tangu kupigwa hadi kutoweka.

Nikaondoa kizibo. Nikamwaga punje za mahindi pale kilipokuwa.

Msichana mmoja, aliyekuwa ameshika kiberiti cha Petard, hakukisogeza. Akaziangalia punje. "Mwalimu," akasema, "hizi ni ngapi?"

"Mia mbili na kumi na nne. Wanaume 208, wanawake sita."

"Hao ni waliookolewa."

"Ndiyo."

"Basi umekosea. Wakati ule majini walikuwa wengi zaidi."

Alikuwa sahihi. Nilihesabu waliofika nchi kavu, nikawaweka majini kana kwamba wengine wote walikwisha kufa na meli. Waliokufa ni 1,297, na wengi walikwenda nayo chini bila kuona jua, lakini si wote. Wapo waliokuwa wanaogelea Petard ilipokuja. Niliwatuma wawili jikoni, wakarudi na konzi za mahindi, tukazimwaga bila kuhesabu.

I-27 ilikuwa imejificha chini ya punje zile. Paladin ilianza kushusha mashua kuokoa watu. Hawkins na meli nne zilizobaki ziliendelea mbele, kama kanuni inavyotaka, maana meli inayosimama mahali palipopigwa topido inaomba ya pili. Amri ilibaki kwa kamanda wa Petard, Rupert Egan. Bomu la kina la wakati ule lilikuwa na kilo 132 za baruti. Ukitaka kuvunja nyambizi, bomu linatakiwa lilipuke ndani ya mita kumi hivi za mwili wake. Binadamu majini hahitaji ukaribu huo. Wimbi la shinikizo hupita kwenye nyama kama ndani ya maji, likifika penye hewa, yaani mapafu na matumbo, linapasua. Anayeelea hana jeraha la nje hata moja.

Nilimwambia yule msichana asijibu kama angedondosha mabomu penye watu au asingedondosha. Nilitaka hesabu. Bomu hushuka mita tatu kwa sekunde. Kufika mita 30 ni sekunde kumi. Meli ikiwa noti 15 itakuwa imesogea mita 77, ikiwa noti 25 mita 130. Ukienda polepole unajipasua tezi yako mwenyewe, yaani nyuma ya meli. Ukienda kasi huwasikii walio chini. Na ukiikaribia nyambizi kabisa, mwangwi unapotea, kwa kuwa mwale wa asdiki unapita juu yake. Mita 150 au 200 za mwisho unadondosha kwa kukisia. Kwa hiyo haiwezekani kupita mara moja tu, kwa usahihi, ukawaruka watu. Ni kupita, kugeuka, kungoja maji yatulie, kupita tena.

Alisukuma kiberiti katikati ya mahindi. Alikipitisha mara tatu, akipinda kila mara, na hakuna aliyesema neno.

Petard na Paladin ziliilazimisha I-27 kuibuka. Vijana walidhani mambo yamekwisha hapo. Hapana. Nyambizi ile ilikuwa na urefu wa mita 108, ndefu kuliko manowari zote mbili, na mzinga wa milimita 140, mkubwa kuliko mzinga wowote wa Petard. Manowari zilimimina risasi ili Wajapani wasiufikie mzinga wao. Risasi za inchi 4 zilipasuka juu ya chuma bila kupenya. Paladin ikaelekeza omo kuipamia. Egan akaashiria isifanye hivyo, Paladin ikapinda dakika ya mwisho, ikakwepa mwili lakini ikachanwa ubavu na pezi la kuzamia la nyambizi. Maji yakaingia. Manowari moja kati ya mbili ikawa mgonjwa.

Ikabaki topido. Petard ilizifyatua moja moja. Unaifyatulia nyambizi inayozunguka kwa mduara, nusu imezama: ukipanga topido kwa kina kikubwa inapita chini ya tumbo, ukipanga juu sana inarukaruka kwenye mawimbi na kupotea njia. Ya kwanza ilikosa, ya pili ikakosa, wakaendelea kurekebisha hadi ya sita. Ya saba ikagonga. Kwa pigo hilo Petard ikawa meli iliyozamisha nyambizi za mataifa yote matatu ya Muungano wa Mhimili: Ujerumani, Italia na Japani. Kisha ikaifunga Paladin kamba, ikaikokota hadi kisiwa cha Addu.

Saa yetu ya ukumbini ilikuwa inakaribia kumi na moja. Vijana walianza kuokota punje, moja moja kwa vidole, ingawa ufagio ulikuwa pale mlangoni. Msichana wa Petard alibaki amechuchumaa na kiberiti chake, anahesabu kitu kwa midomo.

"Mwalimu, mirija ilikuwa minane?"

"Minane."

"Basi ilibaki moja."

Nikamwambia ndiyo, ilibaki moja.