Kuwaombea Marehemu wa Garissa kwa Majina Yao

Tarehe 2 Aprili 2015 ilikuwa Alhamisi Kuu. Alfajiri, wanamgambo wa Al-Shabaab walivamia Chuo Kikuu cha Garissa, nchini Kenya, wanafunzi wengi wakiwa bado wamelala mabwenini na wengine wakiwa wameamkia sala, na kufikia jioni watu 148 walikuwa wameuawa, 142 kati yao wakiwa wanafunzi. Jioni hiyohiyo makanisa ya Nairobi yaliadhimisha Misa ya Karamu ya Bwana. Kisha miili ikaletwa katika mochari ya Chiromo, na wazazi wakafunga safari kutoka kila pembe ya nchi kuja kuwatambua watoto wao.

Tarehe hiyo huangukia mara kwa mara Juma Kuu au Oktava ya Pasaka, yaani siku nane kuanzia Dominika ya Pasaka: mwaka 2021 ilikuwa Ijumaa Kuu, siku ambayo Kanisa haliadhimishi Misa, na mwaka 2026 inaangukia tena Alhamisi Kuu. Misa ya wafu ya kumbukumbu ya mwaka hairuhusiwi siku hizo, na wapo waumini wanaoumia wakidhani kwamba marehemu wao wamesahauliwa. Mimi naamini kinyume chake. Anayebaki kanisani usiku wa Alhamisi Kuu, mbele ya Ekaristi Takatifu, anakesha na Kristo katika uchungu wa Getsemane, na sijui saa inayofaa zaidi kuwataja vijana walioamshwa na milio ya risasi. Misa yao yaweza kuombwa baada ya Dominika ya Huruma ya Mungu, ile inayofuata Pasaka, na tena Novemba, mwezi wa marehemu.

Ninachosihi ni kwamba tuwataje kwa majina. Rozari tatu, kwa mafumbo ya furaha, ya uchungu na ya utukufu, zina Salamu Maria 150 katika makumi yake, na hivyo jumuiya inaweza kutaja jina moja kabla ya kila Salamu Maria hadi yote 148 yaishe, kisha mbili zinazobaki zikawa za walionusurika, ambao wengi wao bado wanabeba majeraha. Majina hayo yanatoka katika makabila mengi. Msomaji hujikwaa, jirani yake humsahihisha kwa sauti ya chini, naye hulirudia jina vizuri ndipo sala iendelee. Kwangu mimi, huko kulirudia jina ni sehemu ya sala.

Wasiachwe wanajeshi na polisi waliouawa siku hiyo, wala wasio Wakatoliki, kwa kuwa Kanisa katika kila Misa huwaombea marehemu wote. Sala hii haiondoi haki ya familia kudai majibu kuhusu usalama, hata baada ya mahakama ya Nairobi kuwahukumu watu watatu mwaka 2019.

Novemba, unapojaza bahasha ya kuwaombea marehemu parokiani, usiandike tu “marehemu wa Garissa”. Andika jina kamili la mmoja wao, na umwombe padre alisome.