Ndoo ya Samaki wa Mjomba

Julai 2014, kusi likivuma mpaka madirisha yetu ya Ngamiani, mjini Tanga, yakigongana usiku, nilinunua samaki mmoja wa dhahabu nikamtia moja kwa moja kwenye tangi la marehemu mjomba. Mjomba alituachia wawili: mwekundu mtupu, na mwingine mwenye mkia mweupe. Bibi hakukubali mtu awalishe ila yeye. Kila baada ya sala ya alfajiri aligonga kioo kwa ukucha, nao wakapanda juu kumpokea.

Siku ya nne nikamwona yule mgeni anajikuna. Anajitupa ubavu kwenye changarawe, anasugua, anatulia, anarudia. Kesho yake mapezi yalikuwa na madoa meupe kama chembe za chumvi, na mawili matatu yalishatokea kwenye mkia wa samaki wa mjomba.

"Ndui hiyo," bibi akasema, akaondoka pale kwenye tangi.

Haikuwa ndui, ulikuwa ugonjwa wa madoa meupe: kidudu kinachoingia chini ya ngozi ya samaki na kumla humo humo. Mgeni alikuja nacho, na maji yaliyopoa ghafla kwa lile kusi yakawadhoofisha wenzake.

Nikawatenga wale wawili wenye madoa kwenye ndoo, mwekundu akabaki peke yake. Jirani yetu, mzee aliyefanya kazi miaka mingi kwenye mashamba ya chumvi, alinipa chumvi ya mawe isiyotiwa madini joto. Nilipima gramu 30 kwa maji lita 15, nusu asubuhi, nusu jioni, ili wasishtuke. Siku ya tatu ngozi zilikuwa safi, bila hata doa moja. Nilifurahi sana. Nikawarudisha tangini jioni ile ile.

Wiki haikuisha, wote watatu wakawa weupe, na mwekundu naye. Mgeni akafa wa kwanza.

Hapo ndipo nilipoketi kusoma nilichopaswa kukisoma mwanzo. Doa likitoweka, kidudu hakijafa. Kimeshiba, kimeanguka chini, kimejifungia kwenye ganda, na humo kinagawanyika kutoa watoto mamia wanaoogelea kutafuta samaki. Chumvi haikipati kikiwa chini ya ngozi, wala ndani ya ganda. Inawapata wale wanaoogelea tu. Maji yakiwa ya joto mzunguko huo huisha kwa siku chache, yakiwa baridi huchukua wiki kadhaa. Mimi nilikuwa nimeacha dawa wakati ule ule ambao ilikuwa inahitajika.

Safari hii nilitoa wote wawili, tangi likabaki bila samaki zaidi ya wiki mbili ili vidudu vife kwa kukosa pa kukaa. Kila asubuhi nilivuta theluthi ya maji kwa mpira mwembamba, nikiupitisha chini kabisa ya ndoo, maana ndiko maganda yanakolala. Nikajaza maji ya bomba yaliyolala wazi usiku kucha kwenye karai, yenye chumvi kwa kipimo kile kile. Kikombe cha ndoo hakikugusa tangi. Umeme ukikatika, pampu ya hewa ikanyamaza, nilikaa kwenye kigoda nikichota maji kwa kikombe na kuyamwaga kutoka juu yapate hewa, saa nzima, saa mbili. Usiku mmoja nilifika mpaka adhana.

Mwenye mkia mweupe hakufika. Siku ya tano nilimkuta amelala ubavu, matamvua yanapanda na kushuka polepole, kisha yakaacha. Bibi alimfunga kwenye kipande cha kanga kuukuu, tukamfukia chini ya mpapai. Hakuniambia neno la lawama, na hilo liliniuma kuliko angenigombeza.

Tangu doa la mwisho limtoke mwekundu nilihesabu siku 14, ingawa kila siku nilitamani kuzipunguza. Kisha nikambeba kwa kikombe, nikamwachia tangini taratibu. Alisimama kwenye kona, mapezi yamefungana mwilini.

Bibi alikuwa kwenye mkeka, tasbihi mkononi, hakutaka kusogea kuangalia. Nikadondosha chembe tatu za chakula. Zikaelea, zikazunguka.

"Amekula?"

"Bado, bibi."

Akahesabu shanga chache. Mwekundu akapanda, akafungua mdomo.

"Amekula."