Tangu Nirudi kutoka Kibo

Nyuma ya kijiji chetu, upande wa magharibi wa barabara itokayo Chake Chake kwenda Wete, kipo kilima ambacho watu hukiita Mlimani tu, na jina hilo haliwachanganyi wenyewe, ingawa karibu kila kijiji cha Pemba kina Mlimani yake. Mgeni aliyezoea Unguja hushangaa anapofika kwetu na kukuta kisiwa kizima ni kupanda na kushuka, mikarafuu juu na mpunga bondeni. Vilima vyetu ni vingi lakini si virefu, wala hakuna hata kimoja kinachozidi mita 120 juu ya usawa wa bahari, na hiki changu, kwa kipimo cha simu, kina mita 80 na kitu. Kwa miaka 9 nilikipanda kila Jumamosi baada ya sala ya alfajiri, pamoja na wenzangu watano au sita, wengi wao walimu kama mimi, na katika miaka yote hiyo sikumbuki siku hata moja niliyoamka nikaona uzito wa kwenda. Uzito huo ulianza niliporudi kutoka Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro.

Safari yetu ya Jumamosi haikuwa na jambo kubwa. Tulianzia mskitini, tukakata shamba la mihogo, tukaingia chini ya mikarafuu ambako njia ni ya udongo mwekundu unaoteleza kama sabuni wakati wa masika, na baada ya hapo kulikuwa na kipande kikali cha mwisho ambacho kilitufanya sote tunyamaze, kwa sababu pumzi zilikuwa hazitoshi kwa maneno. Juu kuna mwembe mkubwa na jiwe la kukalia. Tulifungua chupa ya chai na kutoa maandazi, huku chini yetu, upande wa machweo, ikionekana bahari na kisiwa cha Misali, kile ambacho wazee husema Nabii Khidhri alikifanya msala wake wa kusalia. Kukipambazuka vizuri baada ya mvua kuosha anga, nyuma ya bahari ilitokea mistari ya buluu, hafifu mno, ambayo tangu utotoni niliambiwa kuwa ni milima ya bara. Babu yangu hakuwahi kuitaja kwa jina jengine. Mimi mwenyewe, nilipoanza kusoma jiografia skuli, niliamua kuwa mmoja kati ya ile lazima uwe Kilimanjaro, na nikakaa na imani hiyo mpaka nikawa mtu mzima mwenye kufundisha somo hilohilo, bila ya kuichunguza hata mara moja.

Basi nikadunduliza fedha. Mtanzania hulipa kiingilio cha hifadhi kidogo kuliko mgeni wa nje, lakini bado kuna kiongozi, wapagazi, chakula na nguo nzito ambazo Pemba hakuna duka linaloziuza, na kwa mshahara wa mwalimu ilinichukua misimu mitatu ya karafuu za shamba la marehemu baba. Nilivuka kwa boti hadi Tanga, na kutoka Tanga nikapanda basi la Moshi. Mara tu baada ya Korogwe nikaiona milima mirefu ya kijani upande wa kulia, na abiria jirani yangu akanieleza kuwa ni Usambara, na kuwa pale Mombo ndipo magari hukata kwenda Lushoto. Nikaitazama muda mrefu. Nilikuwa nikiiangalia ile mistari ya buluu ya utotoni kutoka ubavuni mwake, na haikuwa Kilimanjaro.

Njia niliyopanda ni ya Marangu, ambayo mtu hulala katika vibanda: Mandara kwenye mita 2,720, Horombo kwenye 3,720 na Kibo kwenye 4,720. Siku ya kwanza ni msitu wenye ukungu, ambao kwa mtu aliyewahi kuingia msitu wetu wa Ngezi si mgeni sana. Baada ya hapo kila kitu kikawa kigeni. Miti ikafupika ikawa vichaka, vichaka vikawa nyasi, na kule Horombo nikakuta mimea yenye shina nene na kichwa cha majani, imesimama mmoja mmoja kama watu wanaosubiri gari. Tulilala hapo siku mbili ili mwili uzoee hewa. Maji ya kutawadha asubuhi yalikuwa na ngozi ya barafu juu yake, na nilipoelekea kibla, ambacho kule ni kaskazini kama kwetu, nilitetemeka kiasi cha kushindwa kujua kama ni baridi au ni kitu chengine.

Usiku wa kwenda kileleni ndio ulioniharibu. Tuliondoka kibanda cha Kibo karibu na saa sita usiku, tukipanda kwa kukata kona juu ya kokoto zinazokurudisha nusu hatua kwa kila hatua, na taa za vichwani za watu waliotutangulia zilikuwa juu sana hivi kwamba kwa muda nilidhani ni nyota. Katika urefu ule kanieneo ya hewa inakaribia nusu ya ile ya pwani, kwa hiyo pumzi moja huleta karibu nusu ya oksijeni ambayo mwili wa Mpemba umeizoea tangu kuzaliwa. Nilihesabu hatua kumi nikasimama, baadaye saba, baadaye nne. Nilisoma Ayatul Kursiy nikakosea mahali ambapo sijapata kukosea tangu nilipokuwa chuoni. Kiongozi wetu, kijana wa Kichaga aliyeniita mzee ingawa nina miaka 41, alikuwa akirudia neno moja tu, “pole pole”, na mimi nilikuwa na hofu ambayo siwezi kuipamba: niliogopa kuwa nitakufa mbali na nyumbani kwa jambo ambalo hakuna aliyenituma.

Tulifika Gilman's Point, mita 5,685, jua likichomoza nyuma ya Mawenzi, kilele cha pili cha mlima huo, na tukazunguka ukingo wa shimo la volkano hadi Uhuru, mita 5,895. Nililia, sioni haya kusema. Hapo ndipo Luteni Alexander Nyirenda aliposimamisha bendera na mwenge Desemba 1961, wakati Tanganyika ilipopata uhuru wake. Sisi Wazanzibari siku hiyo tulikuwa bado nchi nyengine chini ya Waingereza, na nilicheka kidogo kwa kuwaza kuwa nimeupandia mlima mwenge ambao haukuwashwa kwa ajili yetu. Kisha nikageuka kusini-mashariki kuitafuta Pemba. Kulikuwa na mawingu tu, meupe, mpaka mwisho wa macho.

Jumamosi ya kwanza baada ya kurudi niliwahi mskitini kuliko wote. Nilitaka kuwaonesha. Tukapanda, na tulipofika kwenye kile kipande kikali cha mwisho niligundua kuwa naendelea kuzungumza. Wenzangu walikuwa kimya wakihema, mimi nikisimulia habari za Horombo, na mara tukawa juu, chini ya mwembe, na mwili wangu ukiwa bado unasubiri kitu kianze. Nilitazama saa: dakika 18. Nilikunywa chai. Misali ilikuwa pale pale. Sikuona kasoro yoyote katika kilima, na hilo ndilo lililonitisha, kwa kuwa kama kungekuwa na kasoro ningeilaumu.

Yaliyofuata hayanifurahishi kuyaandika. Kwa muda wa miezi kadhaa nikawa mtu wa kuchosha. Mwenzangu akisema leo kuna baridi, mimi nilisema baridi ni ya Kibo. Mtu akiteleza kwenye udongo mwekundu, mimi nilikuwa na hadithi ya kokoto. Siku moja mmoja wao, mtu mpole ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti hata darasani, aliweka kikombe chini akasema, “Mwalimu, tumechoka na Kibo chako.” Hakuna aliyecheka. Ami yangu, mkubwa wa ukoo wetu, alikuwa ameshalimaliza suala hilo mapema zaidi, siku niliporudi na kwenda kumwamkia. Aliniuliza huko juu kuna nini. Nikamjibu kuwa kuna barafu. Akauliza, kwa unyenyekevu kabisa, kwani kwenye friji hakuna?

Nilikuwa nimeonywa, lakini sikuelewa kuwa ni onyo. Siku ile ya pili ya Horombo nilikaa mezani na Mmarekani wa makamo kutoka Minnesota, jimbo la nchi tambarare ambalo kwa miezi ya baridi hufunikwa na theluji. Mchezo wake tangu utotoni ulikuwa ni kuteleza kwenye theluji kwa mbao ndefu zinazofungwa miguuni, na alijifunzia katika kilima kiitwacho Buck Hill, ambacho kutoka juu hadi chini kina takriban mita 94 tu. Nilifurahi kusikia hivyo, kwani ni kama Mlimani yetu iliyopakwa theluji. Alinieleza kuwa mtu hushuka kwa muda mfupi kuliko anaotumia kupanga foleni ya kamba inayomvuta kurudi juu, na kwamba yeye na wenziwe walifanya hivyo jioni nzima chini ya taa bila kuchoka, mpaka siku alipokwenda Vail, huko Colorado, ambako kilele cha eneo la mchezo kinapita mita 3,500 na mtu huteleza kilomita kadhaa kabla ya kusimama. Aliporudi nyumbani akanunua tiketi ya msimu kama kawaida yake, akaitumia mara mbili. Mbao zake, alisema, ziko gereji.

Nikamwambia, kwa adabu ya kumliwaza, kuwa huenda kilima kidogo kina faida zake. Akakubali haraka. Akanikumbusha kuwa Lindsey Vonn, mwanamke aliyeshinda medali ya dhahabu ya mbio za kushuka mlima katika Olimpiki ya Vancouver mwaka 2010, alifundishwa utotoni papo hapo Buck Hill, na kwamba ufupi wa kilima ndio uliowafaa watoto wale, maana mzunguko ukiwa mfupi mtoto huurudia mara nyingi mno kwa jioni moja na miguu hujifunza upesi. Nikasema, unaona basi. Akatabasamu, akaongeza kuwa baadaye familia ya Vonn ilihamia Vail.

Nimeyafikiria maneno hayo zaidi ya ninavyofikiria kile kilele. Watu wengi wanaonifariji huniambia kuwa uzuri uko kila mahali na kwamba mwenye shukrani huridhika na kidogo. Siwapingi katika dini, lakini katika jambo hili naona hawasemi kweli. Kilima changu hakiwezi kunipa kile nilichokipata Kibo, na kujilazimisha kusema kinaweza ni kukivunjia heshima kilima chenyewe. Wala sidhani kuwa nilichokipata kule ni uzuri, kwa sababu mandhari ya kwetu, kwa macho ya haki, ni mazuri kuliko jangwa lile la mawe kati ya Mawenzi na Kibo. Nilichokipata ni kutokujua kama nitafika. Mlimani, tangu hatua ya kwanza, najua nitafika, najua saa ngapi, na najua nani atakuwa na maandazi.

Nilijaribu hila. Kwa kuwa sheria ya hifadhi inamruhusu mpagazi kubeba kilo 20 tu za mzigo, nilijaza mchanga kilo 20 kwenye mkoba na kupanda nao, mara tatu mfululizo bila kupumzika. Nilichoka sana, na sikufurahi hata kidogo. Faida pekee ilikuwa aibu, kwani niligundua jinsi vijana wale wa Marangu walivyokuwa wakinipita na mizigo yangu mimi mwenyewe, wakinisalimia kwa furaha, huku mimi nikijiona shujaa kwa kubeba chupa ya maji. Wanakijiji walioniona na mchanga walimuuliza mke wangu kama kuna ujenzi.

Muhula uliopita niliwapandisha Mlimani wanafunzi wa Kidato cha Tatu kwa somo la ramani. Anga ilikuwa safi na ile mistari ya buluu ilikuwapo, na msichana mmoja, kama nilivyotarajia, akauliza kama ule ndio Kilimanjaro. Badala ya kumjibu niliwapa kanuni: chukua urefu ulikosimama kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 3.57, utapata umbali wa upeo wa macho kwa kilomita. Kwa mita 100, zaidi kidogo ya kilima chetu, wakapata karibu kilomita 36. Kwa Kibo wakapata 274. Wakajumlisha, ikawa 310, na kutoka kwetu hadi Kibo, kwa mstari ulionyooka juu ya ramani, ni takriban kilomita 350. Hata ukiongeza kidogo kwa kupinda kwa mwanga, hautoshi. Kumbe siku ile kileleni mawingu hayakuwa na kosa. Hata kungekuwa kweupe nisingeiona Pemba, kwa sababu dunia imejikunja katikati yetu. Usambara, wakakokotoa wenyewe, tunaiona kwa haki, ingawa ufuo wa bara ulio mbele yake, kilomita 50 hivi kutoka kwetu, umezama chini ya upeo.

Wanafunzi walishangilia kana kwamba wameuvumbua mlima. Wawili walikuwa wameshapanda juu ya mwembe ili waongeze mita tano na kupiga hesabu upya, na nililazimika kuwakemea washuke. Tuliporudi chini niliangalia saa kwa mazoea, na ilikuwa imetuchukua saa mbili na nusu. Jumamosi iliyofuata nilikwenda na wenzangu kama kawaida, bila ya kutaja Kibo, na ilikuwa dakika 18. Fedha za kupanda Mlima Meru, mita 4,566, nimeanza kuzidunduliza. Kwa hesabu ya msimu huu wa karafuu bado imebaki miaka miwili.