Jicho la Ulysses, mara ya saba

Limekaa! Saa tano kasoro usiku, kucha zimejaa chokaa, na Ulysses hatimaye anawatazama Masireni.

Mnaofuatilia mnakijua kipande chenyewe: ile sakafu ya mozaiki (picha ya vipande vidogo vya mawe) ya karne ya 3 kutoka Dougga, Tunisia, iliyokuwa kwenye nyumba inayoitwa ya Dionysus (mungu wa divai) na Ulysses, sasa iko Makumbusho ya Bardo, Tunis. Ni kile kisa cha Wagiriki: Ulysses alijifungisha kwenye mlingoti wa meli ili asikie wimbo wa Masireni, waimbaji wanaowapoteza mabaharia, na wenzake akawatia nta masikioni wasiusikie. Mimi nanakili kichwa, mabega na kipande cha mlingoti tu. Katika ile ya asili mabaharia wamegeuza nyuso, hawana habari, na yeye peke yake, mikono imefungwa nyuma, ndiye anayeelekea waliko wale waimbaji. (Si nguva, jamani. Wana miguu ya ndege.) Kwa hiyo jicho likikosewa, kisa chote kimekufa.

Nami nimelikosea sana. Mara ya kwanza niliweka mboni katikati, akawa kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Ya pili na ya tatu nikaisogeza, akatoka na makengeza. Ya nne ndiyo ya aibu. Nilitaka mkato, nikabandika kichwa kizima kwenye karatasi uso ukiwa chini, nikasahau kuupindua mchoro kwanza, maana kwa njia hiyo picha hutoka imegeuzwa kama kwenye kioo. Kubandua karatasi, Ulysses kageukia kule kule wanakotazama mabaharia wake. Utadhani naye alitiwa nta masikioni! Nilicheka peke yangu, kisha nikalala bila kula.

Ya tano na ya sita nililaumu vifaa, na sikukosea sana. Vigae vya dukani vina rangi juu tu. Ukivikata hadi milimita 4, weupe wa ndani unachungulia kila ukingo, na ule mng'aro unaiangusha taa ya chumbani juu ya mboni. Nikavitupa vyote, nikaenda kuomba mabaki ya marumaru kwa mafundi wanaochonga meza za jikoni. Jiwe lina rangi mpaka moyoni. Lakini koleo la magurudumu mnalolisifu humu linaisaga marumaru ikawa unga. Nimerudi kwa nyundo na patasi iliyosimikwa kwenye gogo, makali juu, kama walivyofanya wazee wa Kirumi. Kidole gumba kinauma, ila vipande vinatoka vikali na sawa. Kwenye hili sibishani tena na mtu.

Jiwe zuri, patasi nzuri, na bado jamaa alikuwa ananikodolea mimi.

Jana nikaacha kulitazama jicho, nikatazama safu. Kwenye nyuso za zamani safu za vipande hazilali kama vigae vya ukuta wa bafu. Zinapinda na shavu, zinashuka na pua, zinazunguka tundu la jicho. Zangu zilikuwa zimelala mstari mmoja mmoja, kwa hiyo uso ulikuwa bapa, umeelekea mbele, na jicho peke yake ndilo lililokuwa likihangaika kugeuka. Nikalivunja shavu lote. Nikaanza puani, nikapinda kuelekea sikioni, upande wa kivuli nikaujaza kahawia. Kabla hata sijagusa jicho, kichwa kilikuwa kimeshageuka.

Jicho lenyewe sasa ni vipande vitatu: cheusi kimoja kimegusa ukope wa juu, cheupe kimoja upande mmoja tu, na cha kahawia kufunga kona ya pili. Siku zote nilikuwa nikiweka weupe pande zote mbili.

Kilichonisaidia pia ni chokaa. Vitruvius, msanifu majengo wa Kirumi, anataja sehemu 3 za vigae vilivyopondwa kwa 1 ya chokaa kwa tabaka la juu la sakafu, nami nilifuata kipimo hicho, nikatandaza juu ya sinia la udongo. Hata emblema za kale (picha ndogo za katikati ya sakafu) ziliandaliwa pembeni hivyo, kisha zikapachikwa sakafuni. Chokaa inakupa muda wa kung'oa kipande na kukirudisha. Gundi ya vigae isingenipa nafasi hiyo.

Mpango ulikuwa Masireni wafuate, na michoro yao iko tayari. Lakini sakafu hiyo hiyo ina Dionysus na maharamia wanaogeuka pomboo, na leo mchana nimejikuta nakata jiwe la kijivu. Masireni watasubiri. Ulysses haendi popote, amefungwa.